Bibi Mdogo, Inuka

Kila mwaka kurasa hizi zinajaa habari za likizo: huyu alikwenda Paris, yule alibeba maboksi ghalani mpaka mgongo ukamuuma, mwengine alirudi nyumbani Kampala akakuta chumba chake kimeshapewa mpangaji. Mimi likizo yangu ya mwaka 2023 niliimaliza Mawaleh, Muscat, nikihesabu hatua za bibi kizee kutoka kitandani mpaka chooni. Msinicheke. Hatua zile zilinifunza jambo ambalo sikulipata darasani, na nadhani linamhusu kila mmoja wetu aliyeacha mzee nyumbani.

Kwanza niwaeleze huyo bibi ni nani. Wakenya mtasema nyanya au shosho, Waganda jjajja, sisi Unguja ni bibi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mdogo wake mmoja wa kike. Kwetu yeye tukimwita Bibi Mkubwa, na mdogo wake ni Bibi Mdogo. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964 Bibi Mdogo alikuwa na miaka 20. Mkubwa mtu akabaki Unguja. Mdogo mtu akaondoka na mumewe, wakakaa Mombasa miaka kadhaa, halafu baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi, wakafika Muscat. Walikuta nchi ndiyo kwanza inajengwa, watu waliosoma wanatafutwa kwa tochi. Bibi Mdogo akafundisha shule mpaka akastaafu. Ndugu hawa wawili, katika miaka arubaini na ushei iliyofuata, walionana mara tatu tu.

Mawaleh, kwa wasiopajua, ni mtaa mkubwa upande wa magharibi wa Muscat, katika wilaya ya Seeb, si mbali na uwanja wa ndege. Barabara kuu ya Sultan Qaboos inaupasua katikati. Pana jumba la maduka la City Centre lililofunguliwa mwaka 2001, na wakati ninaouzungumza palikuwa na soko kuu la matunda na mboga la mji mzima. (Soko hilo lilihamishiwa Khazaen, Barka, mwaka 2024.) Nyumba ni nyeupe, kuta ndefu, na mchana wa Juni huoni mtu nje, joto linapita nyuzi 40. Lakini ukibisha mlango katika baadhi ya nyumba hizo, anayekuitikia "karibu" anakuitikia kwa Kiswahili cha Mjini Unguja, tena kile cha zamani, ambacho sisi wenyewe tumeshakisahau.

Basi, alfajiri moja ya Juni 2023 Bibi Mdogo, miaka 79, aliingia msalani kutawadha akateleza. Hakuanguka kutoka juu, hakugongwa na gari. Aliteleza tu kwenye vigae vilivyolowa, na nyonga ikavunjika. Daktari baadaye alinieleza kwamba mzee akivunjika mfupa kwa kuanguka kutoka usawa wa kusimama tu, ujue mfupa wenyewe ulikuwa umeshadhoofika zamani. Kwa wanawake mifupa hupungua nguvu haraka baada ya kukoma hedhi. Na katika nchi zile za jua kali, ajabu yake, watu wengi wana upungufu wa vitamini D, kwa sababu jua lenyewe wanalikimbia: ndani ya nyumba, ndani ya gari, ndani ya baibui.

Mfupa uliovunjika ulikuwa shingo ya mfupa wa paja, pale juu kabisa unapoingia kwenye nyonga. Siku ya pili wakampasua, wakatoa kile kichwa cha mfupa, wakaweka cha chuma. Mama yangu hakuweza kusafiri. Watoto wa Bibi Mdogo wana kazi na watoto wadogo. Mimi nilikuwa Manchester, masomo ya darasani yamekwisha, imebaki tasnifu tu, na tasnifu unaweza kuiandikia popote penye umeme. Siku ya tatu baada ya operesheni nikawa Muscat.

Nilimkuta hanijui. Alinitazama akaniuliza kama maji yameshajaa, manake jahazi haliondoki maji yakiwa yametoka. Akamwita dada yake. Akamtukana nesi kwa Kiswahili, kisha akamwomba radhi kwa Kiarabu. Nilitoka nje ya wodi nikalia. Nilidhani akili ndiyo imekwenda moja kwa moja. Daktari alinituliza: wazee wengi huchanganyikiwa hivi baada ya kuvunjika nyonga na kupasuliwa, kwa sababu ya dawa, maumivu, kukosa usingizi na kuwa mahali pageni, na mara nyingi hali hiyo hupita. Mpeni miwani yake, akasema. Fungueni pazia mchana aone jua, zimeni taa usiku, na zungumzeni naye kwa lugha yake. Hilo la mwisho nililiweza. Nilikaa pale nikimsomea majina ya mitaa: Malindi, Shangani, Mkunazini, Vuga. Usiku wa pili akanisahihisha mpangilio. Hapo nikajua amerudi.

Sasa ndugu zangu, naomba mnivumilie kidogo nirudi nyuma, maana bila ya hili kisa changu hakina maana.

Mwaka 2005, mimi nina miaka 7, Bibi Mkubwa naye alianguka Unguja. Nyonga ile ile. Hakupasuliwa. Akaletwa mtu wa kuunga mifupa, akafungwa, akalazwa kitanda cha kamba katika chumba cha mbele ili wageni wamuone. Na mimi nikapewa kazi ya kuwa mikono na miguu yake. Maji? Nalileta. Tasbihi? Nailetea mbio. Akitaka kujinyanyua kidogo, nyumba nzima inapiga kelele: "Lala, Bibi, usijisumbue!" Nilijisikia fahari, watu wakinisifu kuwa mjukuu mwema. Miguu ikanywea kama vijiti. Mgongo ukatoka vidonda. Mwisho kikaingia kichomi, na katika mwezi wa nne akafariki. Bibi Mdogo hakuwahi maziko. Aliyoyajua yeye ni kwamba dada yake aliingia kitandani na nyonga, akatoka na jeneza.

Kwa hiyo tulipomrudisha Mawaleh, siku kama kumi baada ya operesheni, tatizo halikuwa kidonda. Kidonda kilikuwa kizuri, kimefunga vizuri. Tatizo ni kwamba Bibi Mdogo alikuwa ameshaamua. Alijilaza, akaagiza sanduku lake lenye sanda lisogezwe karibu, akawa anangoja.

Na sisi jamaa tulimsaidia kungoja! Tumelelewa hivyo. Kwetu heshima ya mzee ni kumkalisha. Mzee hainuki kuchota maji wakati mjukuu yupo, hata ukisoma mpaka udaktari wa falsafa. Nyumba ikajaa watu, wanawake wa Kizanzibari wa Mawaleh na Seeb na Al Khoud, na vyungu vya supu na birika za kahawa, na kila mmoja anamwambia "lala, mama, upumzike". Mto unasogezwa. Kikombe kinashikiliwa mdomoni. Ni mapenzi matupu. Nilikuwa nayajua vizuri mapenzi hayo, niliyashiriki nikiwa na miaka 7.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa Kihindi kutoka Kerala, alikuwa akija mara mbili kwa wiki. Kiswahili alichojifunza kwetu kilikuwa maneno mawili, "simama" na "polepole", na hayo yalimtosha. Alinieleza bila ya kuficha. Kwa mzee aliyevunjika nyonga, chuma ni nusu ya tiba tu. Nusu ya pili ni kusimama, na kusimama huanza kesho yake baada ya operesheni ikiwezekana. Anayelala, damu inaganda miguuni (ndiyo maana ya zile sindano za tumboni kila siku), mapafu yanajaa, misuli inayeyuka. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kuwa kati ya mzee mmoja katika watano na mmoja katika watatu hufariki ndani ya mwaka mmoja wa kuvunjika nyonga. Nikamuuliza, je, Bibi atakuwa katika upande gani? Akanijibu kwa kunyoosha kidole kwenye fremu ya kutembelea iliyosimama ukutani, na mtandio wa mtu umetundikwa juu yake.

Kuna na masharti. Daktari wake alitaka kwa wiki 12 asiinamishe nyonga kupita pembe mraba, asikunje miguu nne, asigeuze kidole gumba cha mguu kuelekea ndani, na alale na mto katikati ya mapaja. Si kila daktari anatoa masharti haya siku hizi, inategemea na njia waliyopitia kuingiza kiungo, lakini yeye aliyataka. Yasome tena masharti hayo halafu fikiria nyumba zetu. Tunakula chini kwenye busati. Tunapokea wageni kwenye magodoro ya majlis, goti liko juu kuliko kiuno. Choo cha kuchutama. Sijda mara ngapi kwa siku. Yaani maisha yetu yote yako sakafuni! Ilibidi tuinue kitanda, tununue kiti cha plastiki kirefu cha kuwekwa juu ya choo, tuondoe mazulia madogo, tubandike mpira kwenye vigae vya msalani, tuache taa ndogo ikiwaka usiku kucha.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa sala. Akijua vizuri kuwa sheria imemruhusu asiyeweza kusimama na kusujudu aswali kwa kukaa, mwenyewe amefundisha watoto hivyo miaka chungu nzima. Lakini kujua ni kimoja na kukaa kwenye kiti ni kingine. "Paji langu halijagusa chini tokea nianguke," aliniambia, na akageukia ukutani.

Basi nikaamua kuwa mjukuu mbaya. Akiomba maji, nayaweka mezani, hatua tatu kutoka kitandani. Akiomba simu, nasema iko pale Bibi, twende pamoja. Nampa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, kisha nasimama na fremu mbele yake kama askari wa trafiki. Siku ya kwanza alisimama akahesabu mpaka tano akakaa. Ya pili alikataa katakata. Ya tatu alinililia mbele ya wageni: "Huyu mtoto ananitesa. Kaja kutoka Ulaya kuja kunitesa." Mnajua wageni walivyonitazama. Jioni simu ikalia kutoka Unguja, mama mwenyewe, taarifa zimeshamfikia kwa WhatsApp: "Mwanangu, ndivyo nilivyokulea? Mzee anaomba maji unamnyima?" Sikuwa na la kujibu, manake kwa kweli nilimnyima.

Katika nyumba ile aliyenielewa ni mmoja tu, dada wa kazi, mwanamke wa Tanga wa umri wa mama yangu mdogo. Tukimwita Dada. Yeye ndiye aliyemwokota Bibi sakafuni ile alfajiri. Mama yake mwenyewe alikuwa anaumwa magoti kule kwao, na alikuwa hajamwona mwaka wa pili ule, kwa mkataba. Mshahara anaupeleka ili mtu mwengine amwoshe mama yake, huku yeye anamwosha mama wa watu. Aliniambia hivyo siku moja tukikunja nguo, bila ya kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya mchele. Halafu akaenda akaleta kanga, akaikunja mara nne, akamfunga Bibi kiunoni, akashika fundo kwa nyuma. "Hivi hata akiyumba hatuanguki," akasema. Yule kijana wa Kerala alipoiona alicheka kwa furaha. Akasema hospitali wana mkanda maalumu wa kazi hiyo hiyo, lakini huu una maua.

Usiku wa siku hiyo Bibi Mdogo hakulala. Nilikuwa kwenye godoro chini ya kitanda chake. Akaniita.

"Mwanangu, we ulikuwepo dadangu alipokufa?"

"Nilikuwepo, Bibi."

"Alilala muda gani?"

"Miezi minne."

"Hakusimama hata siku moja?"

Ningeweza kusema lolote. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyemwambia asimame. Kwamba mwanzo alikuwa akitaka kujinyanyua mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikikimbilia kumlaza, nikisifiwa. Nilimwambia kuwa sijawahi kumwambia mtu habari hii. Kwamba chuo kizima nilichosoma, vitabu vyote, kila nikisoma habari za wazee naona kile kitanda cha kamba. Nikasema: "Bibi, mimi nilishamsaidia mmoja kufa kwa adabu. Wa pili siwezi."

Alinyamaza kwa muda. Kiyoyozi kinavuma. Nikajua nimevuka mpaka, kumwambia mtu mzima maneno kama yale. Mwisho akasema, "Ulikuwa mtoto," akasita, kisha akaongeza, "na mie sikuwepo." Hatukusema zaidi.

Asubuhi niliamshwa na kishindo cha fremu. Bibi Mdogo amesimama, kanga kiunoni, Dada nyuma yake, anakwenda jikoni. Amekasirika. "Chai yenu mnaipika kama maji ya kuoshea mikono," akasema. "Nipisheni." Nikanyoosha mkono kumshika. "Usinishike!" Hatua 14 kutoka kitandani mpaka jikoni, nilizihesabu. Akakaa kwenye kiti kirefu, akaamrisha iliki, akaamrisha maziwa, akaikoroga mwenyewe. Mimi na Dada tulitazamana hatukusema kitu.

Sitaki mdhani kuwa tokea siku ile mambo yakawa laini. Palikuwa na siku za kurudi nyuma, palikuwa na mguu kuvimba na hofu ya damu kuganda, tukakimbia kupimwa, alhamdulillahi haikuwepo. Palikuwa na ugomvi wa ngazi mbili za mlangoni: kupanda, unatangulia mguu mzima, kushuka, unatangulia mguu mgonjwa, na Bibi akitaka kinyume. Fremu ikampisha mkongojo, na mkongojo unashikwa mkono wa upande mzima, si wa mguu mgonjwa kama tunavyoona kwenye michezo ya kuigiza. Kwa kuwa nje ni tanuri, Agosti tukawa tunampeleka City Centre asubuhi maduka yakifunguliwa, ndani baridi, sakafu imenyooka, mabenchi kila mahali. Tulikuta wazee wengine wanafanya vivyo hivyo, wametinga kanzu na viatu vya michezo. Bibi akapata na shoga wa kushindana naye.

Jioni nikimsimulia habari za Manchester. Nilimwambia kuhusu John Charnley, daktari wa mifupa aliyefanya kazi huko na katika hospitali ya Wrightington, mkoa wa Lancashire. Mwanzo alitumia plastiki ya Teflon kwenye nyonga za bandia, ikalika ndani ya miaka michache, ikambidi awapasue tena wagonjwa wake na kuwakabili uso kwa uso. Hakukimbia. Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyengine, polietilini, na kutoka hapo kubadilisha nyonga nzima kukawa kazi ya kutegemewa dunia nzima, hata mwaka 2007 jarida la Lancet likaiita operesheni ya karne. Bibi Mdogo yeye amewekewa nusu tu, tundu la nyonga ni lake mwenyewe, lakini alihesabu miaka kwa vidole. "Sitini na mbili nilikuwa msichana, nacheza rede," akasema. "Kumbe yuko mtu huko baridini ananitengezea mguu."

Ahadi yetu ilikuwa soko. Alisema akiweza kuchagua embe mwenyewe, mimi nirudi zangu kwenye masomo. Jumamosi moja ya Septemba tukaenda soko la Mawaleh saa kumi na mbili unusu asubuhi, mimi, yeye na Dada. Alitembea mstari mzima na mkongojo wake, akiminya embe za watu, akiziita hazina harufu, akiwaambia wauzaji wa Kibangali habari za boribo ambayo hawajapata kuiona. Mwisho akanunua muhogo. Kisha akasimama katikati ya watu, akatafuta benchi, akanyoosha mguu kama alivyofunzwa, akaniambia, "Haya. Nenda."

Tasnifu nilichelewa kuikabidhi wiki tatu, na hilo nalo lisemwe. Dada alimaliza mkataba wake akarudi Tanga. Bibi Mdogo yu hai. Hachutami, anaswali kwenye kiti na bado hajakipenda.

Ninachowaomba, ndugu zangu mnaosoma mbali, ni kidogo. Tunapopiga simu nyumbani tunauliza mzee amekula, amekunywa dawa, pesa zimefika. Tuulize na hili: leo ametembea? Vigae vya msalani vinateleza? Taa ya usiku ipo? Nani yuko naye, na huyo naye mama yake yuko wapi? Na likizo mkirudi, mkamkuta mzee anajinyanyua kwa taabu kutoka kitini, msikimbilie kumkalisha. Simameni karibu tu, mikono tayari.

Juzi nilimpigia Mawaleh nimsomee makala haya kabla ya kuyatuma. Nilifika nusu. Akasema nitamsomea siku nyengine, kuna kitu jikoni.